Balozi wa Nchi Isiyokuwepo: Maisha na Sanaa ya Pieter-Dirk Uys

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa sanaa za maonyesho na wageni wetu wote,

Mliponiomba nizungumzie msanii mmoja anayeigiza watu mashuhuri, nilijua papo hapo kwamba nitamzungumzia Pieter-Dirk Uys wa Afrika Kusini, mwanamume ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akipanda jukwaani akiwa mama wa makamo, amevaa gauni la heshima, wigi lililochanwa vizuri, hereni na viatu vya mchuchumio, na kujitambulisha kwa jina la Evita Bezuidenhout. Wengi humtaja kwa ufupi kuwa ni yule mwanamume anayevaa nguo za kike. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatupeleki popote, kwa sababu nguo anaweza kuzivaa yeyote mwenye pesa ya kuzinunua. Hoja yangu jioni hii ni kwamba Uys alifaulu kwa kuwa hakumfanya mwanamke huyo kichekesho. Alimheshimu, akamlea, akamwacha aseme kwa dhati kabisa mambo ambayo serikali ilikuwa imekwisha kuyasema yenyewe, na hapo ndipo watu walipocheka.

Alizaliwa Cape Town tarehe 28 Septemba 1945. Baba yake, Hannes Uys, alikuwa Kaburu, mwanamuziki aliyepiga kinanda kanisani, na mama yake, Helga Bassel, alikuwa mpiga piano mzaliwa wa Berlin ambaye alihamia Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Ilikuwa nyumba ya muziki. Dada yake, Tessa, naye alikua akawa mpiga piano wa kimataifa. Mama huyo alifariki mwaka 1969, na ni baada ya kifo chake ndipo watoto walipokuja kujua kwamba alikuwa Myahudi na kwamba aliondoka Ujerumani baada ya utawala wa Hitler kumzuia kufanya kazi yake. Naomba mliweke hilo akilini. Kijana aliyelelewa katika kanisa la Kikaburu, katika nchi iliyowapanga binadamu kwa damu zao na kuwaandikia vyeti, anagundua ukubwani kwamba kwa kipimo cha serikali nyingine, iliyowapanga watu kwa namna hiyo hiyo, yeye mwenyewe angehesabiwa miongoni mwa wale wa kuangamizwa. Uys amezoea kulifanyia mzaha jambo hilo, akisema kwamba yeye ni wa mataifa mawili teule kwa mpigo, la Wayahudi na la Makaburu.

Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akaenda London kusomea filamu. Aliporudi katika miaka ya mwanzo ya 1970 alijiunga na watu wa ukumbi wa Space, uliofunguliwa Cape Town mwaka 1972, mahali ambapo waigizaji weusi na weupe walifanya kazi pamoja wakati sheria haikutaka wafanye hivyo. Aliandika michezo ya kuigiza, na kadhaa kati ya hiyo ilipigwa marufuku na wadhibiti, safari hii kwa matusi, safari ile kwa kukosea adabu dini. Mwandishi aliyepigwa marufuku huwa na njia mbili tu za wazi, kunyamaza au kuhama. Uys alipata ya tatu, na hakuipata ukumbini, aliipata gazetini.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiandika safu katika gazeti la Johannesburg liitwalo Sunday Express. Huo ulikuwa wakati wa kashfa ya Wizara ya Habari, ilipofichuka kwamba fedha za umma zilikuwa zikitumiwa kwa siri kuipamba sura ya serikali, hata kuanzisha gazeti la kuisifu, na kashfa hiyo ndiyo iliyomng'oa John Vorster katika kiti cha urais mwaka 1979. Mambo mengi yalijulikana lakini hayakuandikika. Basi Uys akabuni mke wa mwanasiasa, mama wa Pretoria anayehudhuria kila tafrija na kusikia kila siri, akampa nafasi ya kusengenya ndani ya safu yake. Mwandishi wa habari akiandika siri ya waziri atashtakiwa, lakini mama mwenye glasi mkononi anayeropoka tafrijani, nani atampeleka mahakamani? Jina lake lilitokana na Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, ambaye wakati huo alikuwa gumzo kwa ajili ya tamthilia ya muziki iliyoanza London mwaka 1978.

Sasa tuje kwenye kazi aliyompa, ambayo kwangu ndiyo kilele cha ubunifu wake. Alimfanya Evita kuwa balozi wa Afrika Kusini katika Jamhuri huru ya Bapetikosweti. Nchi hiyo haipo. Lakini kumbukeni kwamba serikali ya Makaburu ilikuwa imeigawa ardhi kidogo iliyowabakizia Waafrika kuwa bantustani 10, na nne kati ya hizo, Transkei mwaka 1976, Bophuthatswana mwaka 1977, Venda mwaka 1979 na Ciskei mwaka 1981, ilizitangaza kuwa nchi huru zenye bendera, wimbo wa taifa, marais na mabunge. Hakuna taifa lolote duniani lililozitambua isipokuwa Afrika Kusini yenyewe. Kwa hiyo Pretoria ilipeleka mabalozi halisi, wenye mishahara halisi na magari halisi, katika nchi ambazo ulimwengu mzima ulikubaliana kwamba hazipo. Uys hakuongeza chumvi hata chembe. Alichukua hesabu ya serikali kama ilivyo, akaongeza nchi moja ya kubuni kwenye orodha ya nchi za kubuni, na kumpeleka balozi wake huko akiwa na mkoba mkononi.

Evita akapata maisha kamili. Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1935, siku moja na muumba wake lakini akimtangulia miaka 10 kamili, katika mji wa Bethlehem kwenye jimbo la Orange Free State. Ana mume, Hasie, mwanasiasa wa chama tawala cha wakati huo. Ana wanawe mapacha, De Kock na Izan, na binti, Billie-Jeanne, ambaye baadaye anaolewa na mwanamume mweusi na kumzalia mama yake wajukuu ambao kwa sheria za zamani wasingepaswa kuwepo. Ana hata dada, Bambi, ambaye kila familia yenye heshima ingependa asitajwe mezani. Watu wake walimwita Tannie Evita, na neno hilo la Kiafrikana, lugha ya Makaburu, ni kama sisi tunavyomwita shangazi mwanamke yeyote aliyetuzidi umri hata kama hatuna undugu naye. Katika neno hilo moja mna heshima, mapenzi na woga kidogo wa kukaripiwa.

Mwaka 1981 alimpandisha jukwaani, katika onyesho la mtu mmoja lililoitwa Adapt or Dye kwenye ukumbi wa Market, Johannesburg. P. W. Botha, aliyekuwa waziri mkuu, alikuwa amewaonya Makaburu wenzake kwamba wasipobadilika watakufa. Kwa Kiingereza neno la kufa na neno la kutia nguo rangi hutamkwa sawasawa, na Uys alibadilisha herufi tu: badilikeni, la sivyo mjipake rangi. Katika nchi ambayo kila kitu kilihusu rangi, kutoka benchi la kupumzikia hadi kitanda cha hospitali, mzaha huo haukuhitaji maelezo.

Ningependa tusogee karibu tutazame jinsi anavyofanya kazi. Jukwaani hamna pazia la kujifichia. Kuna masanduku ya karatasi, yale ya kawaida, na ndani yake mna kofia, miwani, shungi, wigi na takataka nyingine za kazi. Anazungumza na watazamaji kwa sauti yake mwenyewe, anainama sandukuni, anawapa mgongo kwa muda wa pumzi mbili au tatu, kisha anageuka na aliyesimama pale si yeye tena. Botha hahitaji zaidi ya kofia, kidole kimoja kinachowanyooshea watu wote shutuma, na ulimi unaopita juu ya midomo kama mjusi anayewinda nzi. Askofu Desmond Tutu anakuja kwa kicheko na mikono inayoruka. Margaret Thatcher anakuja kwa mkoba na shingo. Nelson Mandela anakuja taratibu, mgongo umenyooka, kila neno likiwekwa chini kama yai. Mwigaji asiye na ujuzi hukusanya kila dalili ya mtu anayemwigiza akaishia kuwa duka la mitumba. Uys huchagua dalili moja au mbili, zile ambazo mwenyewe hajui kama anazo, na watazamaji humalizia zilizobaki kwa macho yao. Kwa kuwa tumemwona akibadilika, hatuwezi kusahau kwamba mamlaka nayo ni vazi ambalo mtu fulani alilivaa asubuhi.

Kwa Evita mambo huwa tofauti. Yeye hajengwi kwa pumzi tatu. Ana kope, poda, wigi, soksi ndefu, kucha, lulu shingoni, na kila kitu kimekaa mahali pake kwa sababu mke wa mwanasiasa wa Pretoria hawezi kutoka nyumbani ovyo ovyo. Hakonyezi watazamaji jicho kuwaambia kwamba ndani yumo mwanamume. Hachezeshi matiti ya bandia wala haropoki matusi. Anakaa kitako, anaweka miguu yake kama alivyofundishwa na mama yake, kisha anaeleza kwa upole na kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kikaburu kwa nini watu weusi wanafurahia zaidi kukaa mbali.

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kupewa nafasi ya bibi kizee katika mchezo wa shule. Nilijifunga kanga, nikabinua makalio, nikabana sauti, na ukumbi ukaangua kicheko kabla sijasema neno. Nilijiona nimefika. Mwalimu aliyetusimamia aliniita kando akaniuliza bibi yule alikuwa na wajukuu wangapi, na ni goti lipi lililomuuma. Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Basi, mwanangu, wamecheka kanga." Niliumia, na sikumwelewa hadi miaka mingi baadaye nilipotazama kanda ya Evita na kuona kwamba mwanamke yule anajua goti lake lipi linauma.

Mtaniuliza kwa nini hakukamatwa. Sheria zilikuwepo. Michezo yake ya awali ilikuwa imepigwa marufuku, mahusiano ya wanaume kwa wanaume, naye ni shoga asiyejificha, yalikuwa kosa la jinai na yaliendelea kuwa hivyo hadi Mahakama ya Katiba ilipoifuta sheria hiyo mwaka 1998, na tangu 1969 kulikuwa na sheria ya kuzuia watu kujibadilisha sura ambayo polisi waliitumia dhidi ya wanaume waliovaa nguo za kike mitaani. Jibu la kwanza liko katika maandishi yake. Sehemu kubwa ya maneno aliyoyasema jukwaani yalikuwa maneno ya mawaziri, yaliyotoka bungeni na magazetini, na mdhibiti angeyapiga marufuku angekuwa anaipiga marufuku serikali. Uys amerudia mara nyingi kwamba yeye halipi kodi, analipa mrabaha. Jibu la pili ni fumbo. Wahenga wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na pale wajinga walikuwa wamekaa safu za mbele wakicheka pamoja na wenzao, wengine wakiwa wake wa viongozi waliomwona Evita kuwa mtu wao na wakauliza ananunua wapi magauni yake.

Kuna jibu la tatu, na singekuwa mkweli kama ningelificha. Alikuwa Mzungu. Katika ukumbi ule ule wa Space, mwaka 1972, John Kani na Winston Ntshona walibuni pamoja na Athol Fugard mchezo uliokejeli kitabu cha pasi, kile ambacho Waafrika walilazimishwa kukibeba, na mwaka 1976 waigizaji hao wawili walipoupeleka Transkei, wiki chache tu kabla ya nchi hiyo ya bandia kupewa uhuru wake wa bandia, walitiwa kizuizini. Uys aliicheka bantustani kwa kubuni ya kwake. Kani na Ntshona waliicheka bantustani halisi wakalala ndani. Wapo wanaosema kwamba maonyesho yake yaliwapa Wazungu wenye dhamiri nzito usiku mmoja wa kucheka, kisha wakarudi nyumbani kwa mtumishi yule yule. Nadhani wana haki ya kusema hivyo. Wapo pia wanaouliza kama inafaa Mzungu kuwaigiza Tutu na Mandela, na swali hilo sitalimaliza kwa sentensi moja. Ninachoweza kusema ni kwamba kejeli yake kali zaidi siku zote aliielekeza kwa watu wa damu yake, kwa lugha yao, akitumia majina yao ya utani na mapishi yao, na mtu wa nje asingeweza kuwafikia pale alipowafikia yeye.

Mandela alipoachiliwa tarehe 11 Februari 1990, wengi walidhani kazi ya Evita imekwisha. Angebaki na nini balozi wa Bapetikosweti bantustani zikivunjwa? Lakini Uys alimjua mwanamke wake kuliko sisi. Watu wa aina ya Evita hawashindwi na mapinduzi. Huyafungulia mlango, huyakaribisha chai, na kusema kwamba walikuwa wakiyasubiri siku zote. Mwaka 1994 alipewa kipindi cha televisheni kilichoitwa Funigalore, ambamo Evita aliwahoji viongozi wa Afrika Kusini mpya, na Mandela mwenyewe alikaa naye akamjibu kwa adabu zote kama anayezungumza na mama mzee wa Kikaburu. Kila ninapokumbuka mahojiano hayo hujiuliza nani alikuwa akimwigiza nani. Rais wa nchi, aliyefungwa miaka 27, alikubali kuamini kwa muda kwamba mwanamke yule yupo, na kwa kufanya hivyo aliwaonyesha akina Evita wa kweli waliokuwa wakitazama nyumbani, kwa hofu, kwamba nao wana pa kukaa.

Kisha akahamia kijiji cha Darling, kaskazini mwa Cape Town, akanunua stesheni ya reli iliyokuwa haitumiki, akaigeuza kuwa ukumbi wa maonyesho na mkahawa, na kuiita Evita se Perron. Kwa Kiafrikana perron ni jukwaa la abiria pale stesheni, nanyi mnaona jinsi jina hilo linavyomrudisha Eva Perón mlangoni. Nje kuna bustani aliyoijaza sanamu na vinyago vya viongozi wa enzi za ubaguzi, vile ambavyo miji ilikuwa ikiviondoa na kutojua ivipeleke wapi. Waliotisha taifa zima sasa wamesimama miongoni mwa maua na mapambo ya bustani, na watoto wanawapita wakienda kunywa soda.

Kabla ya uchaguzi wa 1999 alizunguka nchi kwa basi, Evita akiwahimiza watu wajiandikishe na kupiga kura. Kuanzia mwaka 2000 alianza kwenda mashuleni bila malipo kuzungumza na wanafunzi juu ya Ukimwi, wakati ambapo Rais Thabo Mbeki alikuwa akitilia shaka uhusiano wa virusi na ugonjwa wenyewe, na waziri wake wa afya akisifu vitunguu saumu, ndimu na viazisukari vyekundu. Uys aliingia katika kumbi za shule akiwa na kondomu na ndizi, akawachekesha vijana hadi wakaacha kuona aibu, kisha akawaambia mambo ambayo wazazi wao hawakuthubutu kuyatamka. Maonyesho hayo yaliwafikia wanafunzi zaidi ya milioni 1. Na hakuwaonea huruma viongozi wapya kwa sababu walikuwa wapigania uhuru. Mbeki aliingia katika masanduku ya karatasi, baadaye Jacob Zuma naye akaingia, na aliyeudhika aliambiwa kwamba Botha hakupewa upendeleo. Mwaka 2011 tamasha la filamu la Berlin, mji ambao mama yake aliukimbia, lilimtunuku tuzo maalumu ya Teddy, tuzo ya filamu zinazohusu mashoga na wasagaji.

Evita mwenyewe hajastaafu. Mwaka 2010 alitoa kitabu cha mapishi ambacho jina lake linauchezea wimbo wa taifa kwa kuingiza neno la Kiafrikana lenye maana ya chakula, na katika maonyesho yaliyofuata akawaeleza watazamaji kwamba amejiunga na ANC, chama cha Mandela, na sasa anapika katika jikoni la Luthuli House, makao makuu ya chama hicho. Anasema hayo akiwa amevaa lulu zake, bila kutabasamu, kama mtu anayetaja kazi ya kawaida. Ametoka ubalozini akaingia jikoni, mtaa ule ule wa wakubwa, na kama alivyofanya tangu siku za gazetini, anachochea sufuria huku masikio yake yako mezani.

Asanteni kwa kunisikiliza.